Namba 212 Haina Mrithi

Alhamisi, Tumati. Asubuhi nimeondoka kwenye ukungu, jioni hii nimerudi na vumbi la Dirma mpaka ndani ya masikio.

Shajara, leo nakiri kosa. Nimelibeba tangu juzi, limenichosha.

Kazi yangu unaijua: nazunguka vijijini nikikusanya mbegu za zamani kwa ajili ya ghala la watafiti. Kila bahasha inapewa namba yake, na namba hiyo inaingia kwenye kompyuta pamoja na jina la aliyetoa mbegu na kijiji chake. Siku ya kwanza kazini tuliambiwa namba ikishatolewa haipewi kitu kingine. Nikaitikia kama mwanafunzi mzuri.

Bahasha namba 212 ilikuwa mtama mwekundu wa Bibi Martina wa Dirma, ule unaokomaa hata mvua ikikatika mapema. Alipewa na mama yake alipoolewa, na majirani zake wote wameshahamia kwenye mahindi. Mimi nikaiweka bahasha kwenye kona yenye unyevu. Fukusi wakaumaliza mtama, nikawamwagia kuku zile chenga. Wiki ile ile nikapata maharage mazuri kule Basotu. Namba si ilikuwa wazi? Nikayapa 212.

Jamani, sikuona ubaya! Nyumbani kwetu ng'ombe akifa, jina lake anapewa mtamba anayefuata. Tangu nizaliwe Malkia hajawahi kukosekana zizini. Mama akisema maziwa ya Malkia ndiyo yaliyonikuza, hakuna anayeuliza Malkia yupi.

Juzi mkuu wangu wa ghala akapiga simu. Kuna mtafiti ameshaitaja 212 kwenye ripoti yake, akaomba mbegu zenyewe, kufungua bahasha akakuta maharage. Sasa ana wasiwasi kama mtama huo uliwahi kuwepo. Ningeweza kusingizia kwamba lebo zilichanganyika, na kwa kweli nililifikiria hilo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kuandika hapa.

Nikasema ukweli. Mkuu akauliza kitu kimoja tu: bibi bado anao?

Sikujua.

Ndiyo maana leo nimepanda bodaboda hadi Dirma.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu wa mbegu." Hivyo ndivyo anavyonitania.

Nikamweleza yote, macho chini. Akaguna. "Basi kuku wako wamekula vizuri." Kisha akanyoosha mkono juu ya jiko, akashusha masuke mawili yaliyokuwa meusi kwa moshi. Fukusi hawapandi huko, akasema, na kama ningeuliza tangu mwanzo angeniambia.

Nilitaka kulia, nikajikuta nacheka. Yalikuwa yamebaki hayo mawili tu. Moja akanipa.

"Upe namba yake ile ile," akasema.

Nikamweleza kwamba haiwezekani. Huu unapata namba mpya, na maharage nayo yanapata yao. 212 inabaki ya mtama ule ulioliwa, siku zote. Mtu akiitafuta atakuta imeandikwa kwamba uliharibika, na ataelekezwa kwenye huu mpya.

"Yaani uliokufa mnaendelea kuuandika?"

"Ndiyo, bibi."

Akazungusha lile suke lililobaki kiganjani. Halafu akaniambia kwamba binti yake wa kwanza aliitwa Elizabeti. Alifariki akiwa bado ananyonya. Aliyemfuata wakampa jina hilo hilo, na sasa yuko Basotu na watoto wake.

"Watu wakiniuliza, Elizabeti hajambo? Nawajibu hajambo."

Nikakaa naye mpaka chai aliyonipa ikapoa.

Sasa nimeshajaza kumbukumbu: 212, mtama mwekundu wa Bibi Martina, uliliwa na fukusi, kosa ni langu. Nimeandika jina langu kamili.

Namsikia mama anakamua huko zizini. Ngoja niende nikamuulize: Malkia wamekuwa wangapi, na yule aliyenikuza mimi alikuwa wa rangi gani?