Ijumaa Kuu Bila Kinanda

Bariadi, Jumamosi

Mwanangu Valeria,

Mpe mumeo Jabiri salamu zangu. Mchele wenu wa Nyashimo umefika, naula kijiko kimoja kimoja.

Jana Ijumaa Kuu kinanda kilifungwa kama desturi yetu, kanisani wakaimba kwa sauti tupu. Nikiwa kitandani nikaimba nao, mawazo yakaelea juu ya mashamba ya pamba, nikiitafuta sauti yako iliyokuwa ikianzisha nyimbo kwaya. Mama yako akanicheka: “Baba Valeria, unaimba na nani?”

Nakiri kabla sijafa: uliposilimu niliwaambia watu nimekusamehe. Hapakuwa na cha kusamehe. Nilikuwa na hamu ya sauti yako tu.

Njoo upesi, pumzi inaniishia. Uniimbie unachopenda sasa, hata kaswida, ila dufu uliache Nyashimo.

Baba yako anayetega sikio,
Thadei