Maji ya Pasta

Mjukuu wangu Furaha, salamu toka Kasenga. Baba yako iko muzima, na mihogo ya shamba letu la Nyakabere imetoka vizuri. Lakini barua yako imenichoma roho. Unasoma teolojia huko Bukavu, kisha unaniuliza minye kama kutia dawa ndani ya maji wakati wa kolera ni kukosa imani, eti kuna muhubiri anasema hivyo nawe unaogopa kumujibu. Masomo yote hayo ni ya nini?

Sikia. Nilipokuwa binti, kolera iliingia hapa. Pasta wetu akatuambia tunywe maji ya ziwa pale alipotubatizia, tusiyachemshe, kwa sababu yamebarikiwa. Tukayachota kwa ndoo, tukanywa. Mdogo wangu Neema hakuiona Jumapili. Kwenye maziko pasta akasema imani yetu ilikuwa ndogo.

Na minye nilikuwa nafanya kazi kwake. Kila asubuhi nilichemsha maji yake ya kunywa, nikayapoza, nikayatia kwenye jagi lake lenye kifuniko. Nilifikiri ni heshima ya muntu mukubwa, kama vile anavyopewa kiti. Nilielewa siku ile ya maziko.

Mama alisali mpaka kufa kwake, lakini tangu Neema aondoke alichemsha maji kwanza, ndipo akapiga magoti.

Huyo muhubiri wako, muulize mbele ya watu kwake nyumbani wanakunywa maji gani. Minye wangu sikumuuliza.

Ni minye koko yako, niliyeishia darasa la tatu.