Mpira Kwanza, Kisha Ardhi

Jumatatu, 14 Julai

Ardhi tena. Asubuhi nzima napiga ardhi. Fimbo ya chuma namba saba inachimba nyuma ya mpira, udongo unaruka, mpira unajikokota na kusimama. Mwalimu wetu wa gofu, mtu wa Moshi, hachoki kusema: uzito mguu wa kushoto, mikono itangulie, mpira kwanza kisha ardhi. Najua. Mwili ndio haujui.

Haji anaokota mipira huku anacheka. Mtoto wa mama mkubwa, tumelala kitanda kimoja udogoni. "We Makame, si upande na muhogo kabisa?" Wageni wa hoteli hawakuelewa, wakacheka hivyo hivyo. Nilitaka kumpasua kichwa.

Hoteli inataka mwalimu msaidizi mmoja. Jumamosi ya wiki ijayo meneja atatutazama sisi wawili, mimi na Haji. Atakayeshindwa ataendelea kuokota mipira ya watu. Mimi nimeokota ya kutosha.

Jumatano, 16 Julai

Viganja vimechubuka. Nimekata gomba nyumbani, bua la jani la chini kabisa la mgomba, zito, limejaa maji. Nalizungusha uani badala ya fimbo. Ukilivuta kwa mikono tu linakuangusha. Lazima kiuno kitangulie.

Mama anadhani najiandaa kwa Mwaka Kogwa, siku wanaume wa Makunduchi wanapopigana kwa magomba kumaliza chuki za mwaka mzima. Sikumkatalia.

Ijumaa, 18 Julai

Haji kamwambia meneja nina hasira, ipo siku nitamvunja mgeni mguu. Mwalimu ndiye aliyenipa habari.

Nimeswali Ijumaa, sikusikia hata neno moja la hotuba. Nikarudi uani, nikalipiga gunia la mchanga mpaka likapasuka. Kila pigo lilikuwa Haji. Na kila pigo lilikaa sawa.

Jumatatu, 21 Julai

Mazoezini leo mipira imeruka. Si yote. Haji hakucheka. Yeye anapiga safi siku zote, bila hata kutoka jasho. Namchukia kwa hilo.

Jumatano, 23 Julai

Mwaka Kogwa. Kwa Haji ni upande wa kaskazini, kwetu kusini. Wanawake wanaimba matusi, vumbi, makelele. Wenzangu wameshika magomba mepesi, ya kukatika upesi. Mimi nilikwenda na lile la uani.

Alinianza Haji. Mgongoni, shingoni, puani. Damu mdomoni mwangu na yeye anacheka. Nikaegemea mguu wa kushoto. Kiuno, kisha mikono. Akateremsha mkono wa kushoto kujikinga, nikampata kwenye kifundo cha mkono. Mlio mkavu, mfupi.

Sijawahi kupiga kitu sawasawa hivyo maishani mwangu.

Nilifurahi. Naandika kwa sababu ni kweli. Nilifurahi mpaka nilipouona mfupa.

Alhamisi, 24 Julai

Mwaka ushakogwa. Ya uwanjani yamebaki uwanjani, hakuna polisi, hakuna kinyongo. Ndiyo desturi yetu. Nilikwenda kwao. Shikamoo yangu mama mkubwa aliiitikia marahaba, akanimiminia chai. Haji alitazama ukuta, mkono umefungwa plasta mpaka kiwikoni. "Yashakwisha, ndugu yangu," akasema mbele ya wote. Hana budi kusema hivyo.

Afadhali angenitemea mate. Chai niliiacha kikombeni.

Jumamosi, 26 Julai

Kulikuwa na upepo kidogo. Meneja alikaa kivulini na mwalimu. Wa kutazamwa nilikuwa mimi peke yangu.

Haji alikuja. Hakuna aliyemwita. Akachukua ndoo ya mipira, akaniwekea mmoja mbele ya miguu.

Nikaupiga. Uliondoka safi. Mpira kwanza, kisha ardhi. Mlio ule ule. Meneja akaitikia kwa kichwa, akaandika kitu.

Haji akainama tena, akaweka mpira mwingine kwenye nyasi kwa mkono wake mzima. Akauacha mkono pale, juu ya mpira. Hakuniangalia.

Nikangoja autoe.