Barabara ya Tamale Kichwani mwa Baba Serwaa

Mwaka umezunguka sasa, Baba Serwaa, tangu asubuhi ile ya mvua hapa Kumasi ulipovuta pumzi ya mwisho, mimi mkeo nimekushika kidole gumba, maana ndicho kilichokuwa karibu. Mzee Gyamerah wa lori la bluu, mleta viazi vikuu kutoka Tamale, kaskazini, pokea salamu za nyumbani.

Ulikuwa mpole kwa kila mtu, isipokuwa wanaoongea huku wanakula fufu. Ulibeba wajawazito wa njiani bila kuwadai kitu, kisha ukawafokea waume zao. Ukirudi safari ulilipapasa lori kwenye boneti, ukaliambia, "Haya, pumzika bwana," kabla hujanisalimia mimi. Nilikuwa naona wivu, basi leo nasema.

Kisha kiharusi kikakuangusha. Macho wazi, mdomo kimya, hata kidole hakisogei. Daktari alisema husikii chochote, umebaki kupumua tu. Tukaamini. Mdogo wako Barima, kwa kuwa mazishi ni ya ukoo, akaanza kuyapanga palepale kitandani kwako. Jeneza la rangi gani, bendi ipi, ng'ombe au mbuzi. "Shemeji," aliniambia, ameegemea miguu yako, "kaka ameshaondoka. Tunangoja tu mwili ufuate."

Binti yetu Serwaa peke yake alikataa. Alikuwa anasomea shahada ya uzamili ya upigaji picha za ubongo, zile zinazowasaidia watafiti wa hospitali kujua kama mgonjwa aliyezimika bado ana kitu kinaendelea ndani. Nilikuwa namtania, "Unasomea kupiga picha za vichwa, na ukishika simu unatukata vichwa wote!" Akamwomba mwalimu wake, Dokta Frema, akuingize kwenye utafiti. Dokta alikubali kwa sharti kwamba picha zako zisomwe na mtu asiyejua ni za nani, maana mtoto anaweza kuona kile anachotamani kukiona.

Wakakulaza ndani ya lile pipa jeupe linalogonga kama mafundi bati. Sauti ya Serwaa ikakujia masikioni taratibu: "Baba, washa lori. Twende Tamale." Halafu, "Baba, paki. Pumzika." Hivyo hivyo, tena na tena.

Siku walipotuonyesha picha, nilikaa chini sakafuni. Kichwa chako kilikuwa cha kijivu, kama asubuhi ya vumbi. Pale alipokuambia uwashe, sehemu za juu ziliwaka rangi ya machungwa. Alipokuambia upaki, zikafifia. Kila mara. Ulikuwa unaendesha, mume wangu! Nikaiona Offinso ikipita, kisha Techiman na soko lake, Kintampo ukishuka kunawa uso, ukungu wa Buipe, na mto ukienda zake chini ya daraja bila haraka. Sijui nilikaa pale muda gani. Nilitamani nipande, nikae upande wa pili, niweke miguu juu ya dashibodi jinsi ulivyokuwa ukinikataza.

"Kwa hiyo anasikia?" Barima aliuliza.

"Anasikia, baba mdogo. Siku zote alikuwa anasikia."

"Hata habari za jeneza?"

"Hasa za jeneza. Ulikuwa unapiga kelele."

Jamani, Barima alilia. Baada ya hapo hakuingia tena chumbani kwako. Alikuwa akiishia mlangoni, kofia mkononi, anaangalia sakafu. Ungeuona mwili wake ulivyokwisha. Alichotaka kujua ni kama umemsamehe, na hakuna aliyeweza kumjibu. Siku ya kipimo cha pili aliwaomba waweke swali lake mwishoni. Dokta Frema alisema hilo si la utafiti, kisha akaliruhusu.

Serwaa akakuambia, "Baba, Barima anauliza kama umemsamehe. Kama ndiyo, endesha. Kama hapana, kaa umepaki."

Ukaendesha. Ukaambiwa upaki, hukupaki. Ukaambiwa upumzike, wapi! Ile rangi iliwaka tu mpaka mashine ikazimwa. Dokta alipozitazama picha alitikisa kichwa. Jibu lisilozimika halipimiki, alisema, haliwezi kukaa kwenye tasnifu. Wakaliondoa, na Serwaa akahitimu bila hilo. Barima aliposimuliwa aliingia moja kwa moja chumbani, akachemsha maji, akakunyoa ndevu. Hakuna aliyekunyoa tena isipokuwa yeye, na alikunyoa huku akikusimulia habari za mpira, timu zote, hata zile usizozipenda.

Na sisi wengine tulijifunza. Tulikoma kukuzungumzia kana kwamba hupo, tukazungumza nawe, bila kungoja jibu, mpaka ikawa ndiyo desturi ya nyumba yetu. Ndiyo sababu mwaka huu haujatunyamazisha. Mvua zimewahi. Serwaa sasa anafundisha wenzake. Lori tumempa mwanao Ntiamoah, na analiendesha vibaya.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo Afriyie, wanao Serwaa na Ntiamoah, dada yako Pokuaa, mdogo wako Barima, na ukoo wote. Hutatutoka moyoni siku zote za maisha yetu.

Tunajua unasikia.