Watoto wa Nyumba ya Werema

Kwa Bibi Gati,
Kijiji cha Mugeta,
Bunda.
26 Aprili 1987

Mpendwa Shangazi Dorotea,

Leo ni Jumapili, wiki moja baada ya Pasaka, na ni miaka saba sasa tangu niondoke Bukima na ule mfuko wa kitenge ulionishonea. Shikamoo Shangazi. Mguu wako unaendeleaje? Thadeo na mke wake hawajambo? Mimi ni mzima, ila mgongo unanisumbua nikiinama sana shambani. Nyangi hajambo, na watoto pia. Silasi ameng'oka jino la mbele na anacheka muda wote ili watu walione pengo.

Barua yako ilinifikia. Unasema nyavu sasa zinapatikana, Thadeo ana mtumbwi wake, sangara wamejaa ingawa wale samaki wadogo, furu, wamekwisha. Nilifurahi, halafu nikaikunja barua. Niliondoka kwa sababu nyuzi za kushonea nyavu zilikuwa hazipatikani hata kwa dawa. Na hapa Bunda maduka yaliyokuwaga matupu sasa yana sabuni na sukari, na nguo za mitumba zimetandazwa sokoni. Kilichonitoa nyumbani kimekwisha, lakini mimi siwezi kutoka huku.

Umeniambia nije na mke na watoto, wabatizwe Bukima mbele ya ndugu. Hapo lazima nikueleze vizuri, maana kwetu ziwani desturi hii hatuna. Hata mimi nilipofika sikuielewa.

Bibi Gati ni mjane. Mume wake, Werema, alikufa kabla hawajapata mtoto wa kiume. Huku mama wa namna hiyo akiwa na ng'ombe anaoa. Anatoa mahari kama mwanaume, analeta msichana nyumbani, na msichana huyo anazaa na mwanaume aliyekubaliwa pale. Watoto wanakuwa wa marehemu. Ndoa ya namna hiyo wanaiita "nyumba ntobhu". Nyangi aliolewa hivyo na Bibi Gati. Mimi nilikuja kama kibarua wa pamba na mifugo, wakaniona sina maneno mengi, nikakubaliwa. Nilidhani ni njia yao tu ya kumpa maskini mke. Nikadhani mtoto akizaliwa na sura yangu, mambo yatabadilika yenyewe. Silasi alizaliwa na masikio yangu, kila mtu anayaona. Hakuna kilichobadilika. Nyamburi naye akaja, naye ni mtoto wa Werema.

Barua yako ilipofika nilimwambia Bibi Gati kwamba nitatafuta ng'ombe nimrudishie, niondoke na watu wangu. Alicheka mpaka akaweka kibuyu chini.

"Wewe Mjita, ng'ombe wangu utawalipa kwa samaki?"

Halafu akaacha kucheka. "Ukitaka kwenda nenda, mwanangu. Njia haijafungwa. Ila watoto wa Werema hawaendi popote."

Si mtu mbaya, Shangazi. Nikiumwa ananipikia uji kwa mkono wake. Ndiyo maana hata kumchukia nashindwa.

Nyangi naye nilimuuliza. Aliniambia, "Ng'ombe walishafika kwa baba, Butiama. Kaka yangu ameshaoa kwa ng'ombe hao, na mke wake ana watoto. Unataka nikamvunjie nyumba?" Tangu siku hiyo tunaongea habari za pamba tu.

Sasa nikupe habari ya kanisani. Wakati wa Kwaresima, Kasmiri, katekista wetu, alitufundisha neno la Mtume Paulo, kwamba sisi si watumwa tena, tumefanywa wana wa Mungu na tunamwita Baba. Akaona watu wanasinzia. Akasema kwa Mungu hakuna mtoto wa kambo. Mama mmoja akapaza sauti nyuma, "Kama watoto wa Werema!"

"Hasa!" Kasmiri akaruka. "Werema aliwaona?"

"Hakuwaona!"

"Kuna mtu hapa atathubutu kuwaambia si wake?"

"Hayupo!"

"Boma ni la nani?"

"La kwao!"

"Basi na sisi ndivyo. Kristo hakutoa ng'ombe, alitoa damu yake, na sisi tumeingia kwa Baba kwa haki, si kwa huruma ya jirani."

Watu wote waliamka. Hawajawahi kuelewa somo kama siku ile. Ndipo Mzee Mwikwabe, ambaye utani haumwishi mdomoni, akanyoosha mkono. "Mwalimu, na huyu Mjita, katika mfano wako yeye ni nani?"

Kasmiri alinitazama, akatazama kitabu. "Huyo... huyo tumwombee."

Kanisa zima lilicheka. Bibi Gati alijifunika uso kwa kanga. Mimi pia nilicheka, ningefanya nini?

Baada ya ibada Kasmiri alinifuata njiani. Akasema, "Renatus kaka, nimekukosea." Nikamwambia hakunikosea, mambo ndivyo yalivyo. Ila nilimuuliza swali. Kama watoto wangu wanaingia kwa Mungu kwa mlango wa wana, mimi kibarua naingilia wapi? Akasema, "Mlango uleule wa Silasi. Kule hakuna kibarua." Nilimsikia kwa masikio, moyo ukakataa. Nimezoea kujua nafasi yangu katika boma.

Njiani nilikukumbuka wewe. Mama alipokufa ulinichukua, na hakuna aliyekulipa chochote. Siku wale watoto wa ufukweni waliponiita mtoto wa kuokota, ulitoka na mwiko una ugali, ukasema anayetaka kujua mama yake Renatus ni nani asogee. Hakusogea mtu. Nikiwaza hivyo, neno la Kasmiri linanisogelea kidogo.

Watoto wamebatizwa huku, Jumapili ya Pasaka. Samahani hatukukusubiri, uamuzi haukuwa wangu. Padri alipoita wazazi, walikwenda Nyangi na Bibi Gati. Mimi nilisimama karibu na mlango. Nilisikia jina likisemwa, Silasi Werema, na maji yakimwagika. Nilifurahi na niliumia kwa wakati mmoja.

Jana jioni tulikuwa tunafunga ndama. Silasi ananiita kwa jina, kama wote nyumbani. Sala ya Baba Yetu nimemfundisha mimi. Akaniuliza, "Renatus, yule Baba wa mbinguni ni wako pia?"

"Ni wangu pia."

"Na wangu?"

"Na wako."

Akafikiri, kamba ya ndama mkononi. "Basi mimi na wewe ni ndugu."

"Ndiyo."

"Nani mkubwa?"

"Mimi."

"Basi nibebe."

Nikambeba mpaka mlangoni, Shangazi. Sijui kama nimepewa kitu au nimenyang'anywa. Sikudanganyi kwamba nimetulia. Kuna asubuhi nawafunga ng'ombe nira nawaonea wivu, maana wao jioni wanafunguliwa. Lakini nikianza ile sala sasa, kwenye neno "yetu" namwona yeye na pengo lake, na siwezi kuondoka.

Nisalimie Thadeo, Hyasinta na wanawe, na mzee Wenceslaus kama bado yuko. Mungu aliyekupa moyo wa kunichukua akuponye mguu na akuweke.

Nitakuja mwezi wa nane, tukishauza pamba. Nitapanda basi Bunda hadi Musoma, halafu nitafute gari la kwenda Majita hadi Bukima. Nitakaa wiki moja nimsaidie Thadeo kushona nyavu, kisha nirudi huku. Usitandike mikeka ya watoto. Nitakuja peke yangu.

Mimi niliye mwanao bila ng'ombe, nakupenda,

Renatus