Daftari la Rispah

Matulo, 12 Februari 1991

Mwanangu Zachary,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi wazima, ila mgongo wa mama yako bado unamsumbua. Huko Botswana mvua imenyesha?

Tangu uende kufundisha huko, kila mzazi hapa anataka mtoto wake asome fizikia, ati afike ulikofika. Uliacha wanafunzi kumi na wanne. Sasa ni hamsini na mmoja, na mwalimu hakuna. Mwalimu mkuu alitafuta hadi Kitale akarudi mikono mitupu. Rispah, yule msichana uliyemfundisha, ndiye anayewasomea daftari lake la zamani nao wananakili. Mkataba wako ukiisha Desemba, rudi.

Baba yako,
Absalom

Francistown, 3 Mei 1991

Baba mpendwa,

Barua yako imenikuta salama. Mpe mama pole ya mgongo.

Nisikufiche: nimetia sahihi miaka miwili mingine. Hapa nina maabara. Huko nilikuwa nachora betri ubaoni. Rispah ana akili, daftari lake litatosha.

Mwanao,
Zachary

Matulo, 9 Machi 1992

Mwanangu,

Hatujambo. Mama yako sasa anatembea. Hujaandika tangu Krismasi.

Matokeo ya mtihani yametoka. Kwenye swali la umeme watoto wote waliandika jibu moja, na lilikuwa kosa. Shule inashukiwa wizi. Wazazi wamemgeukia Rispah, hata kanisani haji. Ameniletea daftari, anasema hivyo ndivyo ulivyoandika ubaoni. Ukurasa wenyewe nimekunakilia. Ni kosa la nani?

Baba yako

Francistown, 30 Machi 1992

Baba,

Leo naona aibu hata kukusalimu. Kosa ni langu. Niliandika haraka, kengele ikalia. Nilisahihisha kesho yake, na siku hiyo Rispah alikuwa amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Tafadhali wasomee wazazi wote barua hii. Nyuma nimeandika hesabu yenyewe jinsi inavyotakiwa.

Mwanao

Matulo, 27 Aprili 1992

Mwanangu,

Sote wazima, na mahindi yameota.

Nilisoma barua yako mkutanoni, nikijua watakukasirikia. Si walipiga makofi, bana. Wakauliza kama huko kuna nafasi za watoto wao. Rispah hakupiga makofi. Alinisubiri nje, akaomba ile hesabu, na Jumatatu akawafundisha Kidato cha Nne bila daftari. Nilisimama dirishani nikasikiliza. Nisamehe nikisema anakushinda.

Jana alikuja kuniomba anwani yako. Sijampa; naye akija huko, watoto hawa watabaki na nani? Niambie wewe, nimpe ama nimnyime?

Baba yako,
Absalom