Herufi Tatu Bila Irabu

Al Mansoura, Doha
8 Januari

Shangazi Mwanahamisi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje na baridi ya Lushoto? Sisi wazima. Baba amenenepa, ila usimwambie nimesema.

Nina siri. Unajua Baba anaendesha lile gari la kunyonya maji mitaani. Msimu huu wa mvua amefungua kundi la WhatsApp la Watanzania walio barabarani: madereva, walinzi, wanaopeleka chakula kwa pikipiki. Tahadhari ya hali ya hewa ikitoka kwa Kiarabu, mimi naitia Kiswahili, yeye anaituma. Wote wanadhani ni yeye. Shangazi, mimi darasani nikiitwa jina nanyanyua kidole tu, sauti haitoki. Lakini watu themanini wanatoka au hawatoki kwa maneno yangu. Najisikia mrefu.

Mwanao,
Riziki

Lushoto
10 Januari

Riziki mwanangu,

Marahaba. Goti linajua mvua kabla ya kipima mvua cha shule, ambacho bado nakisoma kila asubuhi saa tatu kamili na kupiga simu wilayani. Kwa hiyo tumekuwa wawili katika kazi hii. Nimemsomea mwalimu mkuu barua pepe yako, akauliza hao watu themanini wanadhani kaka yangu alijifunza Kiarabu lini. Hata mimi nauliza. Weka jina lako chini ya tahadhari. Mtu akiwa na swali, amuulize anayejua.

Shangazi yako

Lushoto
29 Januari

Riziki,

Hujambo? Karibu wiki tatu kimya. Nimempigia baba yako, anasema uko sawa, kwa sauti ile ile aliyoitumia utotoni alipovunja mtungi wa mama. Kuna nini?

Shangazi

Al Mansoura
31 Januari

Shangazi,

Shikamoo. Mwili mzima, moyo ndio sio.

Jina sikuweka. Tarehe 15 tahadhari ilisema mvua ya radi, upepo mkali, na neno moja la herufi tatu. Kiarabu cha matangazo hakiandikwi irabu. Ukilisoma bard, ni baridi. Ukilisoma barad, ni mvua ya mawe. Mimi nikaona baridi, neno letu kabisa, wala sikulitazama mara ya pili. Nikaandika: kutakuwa na baridi, vaeni vizuri.

Harun wa Korogwe, baba wa watoto wawili, anapeleka chakula kwa pikipiki. Akavaa masweta mawili akaenda Al Wakrah, kusini mwa Doha. Mawe yakamkuta njiani, makubwa kuliko kokwa za tende. Akaanguka. Mkono umevunjika.

Kundi zima sasa linamwita Baba "Mzee Baridi". Anacheka nao. Hajanitaja, na mimi sijasema. Nimeacha kutafsiri. Baba anatuma ya Kiingereza, nusu yao hawaielewi, na wanasema mvua kubwa zaidi inakuja.

Riziki

Lushoto
1 Februari

Mwanangu,

Na mimi yalinipata. Mwaka mmoja niliripoti milimita nne badala ya arobaini. Nikapiga simu tena wilayani nikasema Mwanahamisi amekosea. Walinicheka hadi Ramadhani ikaingia. Hilo linavumilika. Kumwacha baba yako achekwe kwa kosa lako, hilo sikubali. Anza kwa Harun. Kisha kundini, kwa sauti yako. Usiniandikie kabla.

Shangazi

Al Mansoura
12 Februari

Shangazi wangu,

Shikamoo. Nimekwenda, ndiyo maana naandika.

Harun anakaa mtaa wa Najma, chumba kimoja na wenzake watatu. Baba alibaki mlangoni. Nilisema yote huku natazama plasta ya mkono wake. Akasema, "Kumbe wewe ndiye uliyenivika masweta mawili? Daktari kasema ndiyo yaliyoziokoa mbavu. Lakini bibie, neno ukilitilia shaka, uliza."

Kundini nilirekodi na kufuta mara tisa. Ya kumi nikaituma na kuificha simu chini ya mto. Wengine walinuna, mmoja akaandika Baba arudishiwe jina lake. Sasa neno likinitatiza nampigia mwalimu wangu wa Kiarabu, Msudani, ananisomea na irabu zake.

Jumapili mvua ilianza kabla ya adhuhuri. Tahadhari ilisema maji yanajaa kwenye barabara zinazopita chini ya madaraja. Nikamuuliza mwalimu, nikatuma, jina langu chini. Madereva wawili wa mabasi ya wafanyakazi waligeuza. Wameandika wenyewe, na picha ya gari dogo lililozama hadi vioo.

Saa nane mchana Baba aliitwa aende na gari lake kunyonya maji huko kusini. Akaandika mbele ya wote: "Riziki, nipite wapi kwenda Al Wakrah?"

Shangazi, Baba hajawahi kuniuliza kitu mbele za watu. Nikarekodi mara moja tu.

"Pita juu, Baba. Chini kumejaa."

Akapita juu.

Mwanao,
Riziki